Kausha Damu ya Mwaka 1935: Muvi ya Kifaransa Inayowajua Mastaa Wetu

Wadau, leo sina stori ya nani kaachana na nani. Zipo, zitakuja, hazijawahi kukauka hapa mjini. Leo naleta muvi ya mwaka 1935, haina rangi, wanaongea Kifaransa mwanzo mwisho, na mambo yenyewe yanatokea Urusi enzi za mfalme wao, yule waliyemwita Tsar. Najua nusu yenu mshaondoka. Mliobaki kaeni vizuri, maana hii muvi inahusu mkopo, na inawahusu mastaa wetu kuliko muvi yoyote ya Bongo niliyoangalia mwaka huu.

Inaitwa Crime et Châtiment. Kwa Kiswahili chetu ni Uhalifu na Adhabu, na sisi tunaokaa mtaa unaoitwa Gerezani jina kama hilo halitakiwi kututisha. (Neno gereza lenyewe wanasema tulilitoa kwa Wareno, na kwao lilikuwa kanisa. Sasa kanisa limegeukaje kuwa jela, hiyo ni mada ya siku nyingine.) Aliyeiongoza ni Pierre Chenal, hadithi kaitoa kwenye kitabu cha Mrusi Fyodor Dostoyevsky kilichotoka mwaka 1866. Mwaka huohuo wa 1935 Hollywood nao walitoa ya kwao kutoka kitabu hichohicho, Peter Lorre akiwa muuaji. Mimi nasimama na ya Wafaransa. Sababu nitaisema nikifika kwa mpelelezi.

Stori iko hivi. Kuna kijana anaitwa Raskolnikov. Alikuwa chuo anasoma sheria, kaacha kwa kukosa hela. Kapanga kijichumba juu kabisa ya jengo, kodi inamdai, na kila akitoka anashuka ngazi kwa kunyata ili mama mwenye nyumba asimsikie. Ambaye hajawahi kunyata hivyo hapa mjini anyooshe mkono. Nguo zimechakaa, njaa inauma, na mama yake huko mkoani anajibana ili amtumie chochote. Dada yake naye anataka kuolewa na mwanaume mwenye hela zake asiyempenda, ili tu kaka yake arudi shule. Dada huyo anaitwa Dunia. Ndiyo, Dunia, sijabadilisha kitu, ndivyo wanavyomwita kwao. Na huyo bwana anayetaka kumuoa ana sera moja: mke bora ni yule aliyetoka kwenye dhiki, maana atakushukuru maisha yake yote. Wadada, mnamjua huyo. Siku hizi ana gari nyeupe na anaandika maneno ya hekima kila Jumatatu asubuhi.

Sasa hapo mtaani kuna bibi mmoja, Aliona, kazi yake kukopesha kwa rehani. Unapeleka kitu, unaweka bondi, unapewa hela. Kijana wetu anapeleka saa ya marehemu baba yake. Ukisoma kitabu, Dostoyevsky kaiweka hesabu yote mezani kama mtu aliyewahi kudaiwa. Bibi anaithamini saa kwa rubli moja na nusu. Riba yake ni asilimia 10 kwa mwezi, na anaikata kabla hela haijatoka mkononi mwake. Anakata na riba ya mkopo wa nyuma aliokuwa hajaulipa. Kijana anatoka mlangoni na rubli 1 na kopeki 15.

Hiyo ya kukatwa kabla haujapokea, si mnaijua? Unaomba laki, inaingia elfu sabini na kitu, halafu marejesho unalipa ya laki na zaidi. Tena yule bibi wa watu alikuwa na asilimia 10 yake tu kwa mwezi. Kwetu Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, lakini kausha damu wa mtaani anakupa laki moja leo, mwezi ukiisha anataka laki na thelathini, na akina mama wa sokoni wanaita hiyo ni nafuu. Ukimleta Aliona Kariakoo leo na asilimia zake kumi, foleni ingeanzia Msimbazi.

Kijana anamuua huyo bibi kwa shoka. Sijawaharibia utamu, hilo linatokea mapema na kila mtu analijua. Ila hapo hapo kuna kitu nitakirudia: bibi alikuwa na mdogo wake, Lizaveta, mpole kupindukia, anafanyishwa kazi kama punda. Muuaji alishapata habari sokoni, kwa kusikia tu watu wakiongea, kwamba jioni ile Lizaveta hatakuwepo nyumbani. Akapanga kwa hesabu hiyo. Lizaveta akarudi. Akaingia mlangoni akamkuta dada yake sakafuni. Akauawa na yeye.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike.

Raskolnikov hakuua kwa sababu ya njaa peke yake. Ana nadharia, na alishaiandikia makala kabisa. Anasema binadamu wapo wa aina mbili. Wapo wa kawaida, kazi yao kutii sheria na kuzaliana. Na wapo wachache wa kipekee, kama Napoleon, hao wana haki ya kuruka sheria kwa sababu wana mambo makubwa ya kufanya. Swali linalomkosesha usingizi ni moja: mimi ni Napoleon, au na mimi ni chawa kama wengine?

Chawa! Neno hilohilo, mwaka 1866, huko Petersburg. Tofauti ni kwamba yeye aliogopa kuwa chawa, na sisi tuna watu wanaishi mjini kwa kazi hiyo na wanaiweka kwenye utambulisho wao.

Hiyo nadharia ndiyo inayoendesha burudani yetu yote, hata kama hakuna staa aliyewahi kusikia jina la Raskolnikov. Staa akidaiwa na fundi aliyemshonea nguo za video, anasema fundi anatafuta kiki. Staa akipigana hadharani, machawa wanakwambia ana msongo, mmuelewe, yule si mtu wa kawaida. Akitelekeza mtoto, tunaambiwa tusiingilie maisha binafsi ya wakubwa, na wanaosema hivyo ndio waliolipwa kutuonyesha maisha binafsi ya huyohuyo mkubwa wiki nzima. Mtu wa kawaida akifanya hivyo anaitwa serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Sitaji jina, na nawaomba msinitajie kule chini. Kila mtu ana wake kichwani, na anatosha.

Ila nitawasimulia mmoja, bila jina, kwa sababu yake iliniingia mpaka ndani ya simu yangu.

Nina jirani hapa Gerezani, fundi wa kukunja bati, anatengeneza masufuria na majiko. Mtu wa kelele za nyundo kuanzia saa mbili asubuhi, mdomoni mwake hana neno baya kwa mtu. Siku moja naamka nakuta ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Una picha yake, ileile aliyopiga akishika kitambulisho, na maneno kwamba huyu ni tapeli na mwizi, kwamba amekimbia deni, na kwamba mimi niliandikwa kama mdhamini wake. Mimi sijawahi kumdhamini mtu hata soda. Walichofanya ni kuchota namba zote kwenye simu yake siku alipopakua programu ya mkopo, halafu alipochelewa siku nne wakazigawia picha yake namba zote. Nilipata mimi. Alipata mteja wake wa Buguruni anayemnunulia majiko kwa jumla. Alipata mama mkwe. Deni lenyewe elfu themanini.

Nikamuuliza, ile kitu uliiamini vipi? Hakujibu, akanionyesha video. Humo kuna mtu mnamjua wote, mwenye wafuasi kuliko wakazi wa wilaya kadhaa, amekaa kwenye kochi jeupe, anacheka, anasema yeye mwenyewe akikwama huwa anakopa hapo, dakika tano tu hela imeingia. Yeye! Akikwama! Mtu ambaye wiki hiyohiyo alikuwa anatuonyesha viatu vya bei ya bajaji. Fundi wangu aliniambia kitu kimoja ambacho hakijanitoka: "Mimi sikumuamini yeye. Niliamini hawezi kukubali kuonekana na wezi."

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, ikazipiga marufuku. Sheria ya kulinda taarifa binafsi nayo ipo, ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo kumtawanya mtu picha kwa mama mkwe wake si utani, ni kosa. Wenye programu waliguswa kidogo. Je, mabalozi? BASATA ikifungia wimbo tunajua kabla jua halijazama, ila sijasikia balozi hata mmoja akiulizwa hela ya lile kochi jeupe ilitoka wapi. Video ilifutwa kimyakimya. Hakuna neno. Ramadhani ilipofika yule yule akaposti magunia ya mchele na watoto yatima, komenti elfu na kitu, wote "Mungu akuzidishie".

Na hapo ndipo hii muvi ya kizee inanipa raha. Dostoyevsky alishaiona hiyo mbinu ya magunia ya mchele. Kwenye kitabu, kabla ya mauaji, kijana anawasikia watu wawili kwenye baa wanabishana: huyu bibi akifa leo, hela zake zikasaidia familia mia, si dhambi moja imefutwa na mema maelfu? Kijana anaibeba hesabu hiyo kichwani kama ushahidi kwamba yuko sahihi. Anaua. Anachukua kimfuko cha hela na vito vya watu vilivyowekwa bondi. Anakwenda kuvificha chini ya jiwe uani. Na hajawahi hata kuzihesabu. Familia mia hazikuona hata kopeki. Mema yale yalikuwa ya kumfikisha mlangoni tu.

Sisemi staa wangu kaua mtu. Tuelewane. Nasema wana hesabu moja: mimi ni mkubwa, nina mazuri mengi ya kufanya na hii hela, kwa hiyo huyu mdogo hapa katikati ataniwia radhi.

Najua kuna watakaosema, lakini mwandishi, Aliona si alikuwa mnyonyaji? Kwa nini tumuonee huruma? Kweli kabisa, kwenye muvi hapewi sura ya malaika hata kidogo. Ana roho mbaya, mchoyo, anamtesa mdogo wake. Na nimeshaona watu mtandaoni mkopeshaji akiibiwa au akipigwa wanashangilia kama goli la dakika ya tisini. Naelewa hasira hiyo, mtu akishabebewa friji na godoro na watoto wanaangalia, mwambie nini? Lakini angalieni muvi inavyolijibu hilo swali. Haiwatumii mhubiri. Inamleta Lizaveta mlangoni.

Huyo ndiye ninayetaka mbaki naye. Maana wanaokaa na hii nadharia ya kuwa yule anastahili, wanapangaga kumpiga mtu mmoja, na siku zote anaingia wa pili. Kausha damu anamfuata mdaiwa, anayepoteza heshima ni mama mkwe. Balozi anachukua hela ya kampuni, anayepigiwa simu saa sita usiku ni mdhamini. Mwekahazina wa kikoba anakimbia na fedha akijiambia wale akina mama wana uwezo, wataziba, kumbe katikati yao kuna mmoja aliyekuwa anaweka elfu mbili mbili za ada ya mtoto. Hata mdaiwa anayemtoroka mkopeshaji kwa raha zake, akafunga laini akahamia Chanika: nyuma yake kuna shangazi aliyeweka kadi ya kiwanja kumdhamini. Kila mpango wa aina hii una Lizaveta wake, na mpangaji huwa kaambiwa kwamba jioni hiyo hatakuwepo nyumbani.

Haya, nilisema nitafika kwa mpelelezi.

Anaitwa Porfiri, na aliyemcheza ni Harry Baur, jitu zima, lizito, macho ya kusinzia. Kijana kachezwa na Pierre Blanchar, ambaye kwa kazi hii alipewa tuzo ya mwigizaji bora kule Venice mwaka huohuo wa 1935. Blanchar anatetemeka, jicho linatoka, utafikiri ana homa ya dengue. Kuna watu watasema kazidisha, na mimi nakubali kidogo, enzi zile wengi walitoka jukwaani na mikono ilikuwa bado inawasalimia watazamaji wa siti za nyuma. Lakini muweke karibu na Baur uone. Porfiri hana ushahidi. Hana kitu kabisa, si alama za vidole, si kamera, na tayari kuna mtu mwingine, fundi wa rangi wa watu asiye na hatia, kajitokeza kukiri. Porfiri anachofanya ni kumkaribisha kijana kwake, kumpiga stori, kucheka, kumsifia ile makala yake ya watu wa kipekee. Anamuuliza kwa upole: sasa hao wa kipekee tunawatambuaje? Wana alama? Je, mtu wa kawaida akijichanganya akadhani na yeye ni wa kipekee?

Nimeyarudia hayo mazungumzo mara tatu. Hakuna ngumi, hakuna risasi, watu wazima wawili wamekaa chumbani, na mimi nimeshika mto. Toleo la Hollywood halina huyu mtu. Kwa Wafaransa, mpelelezi ni kama rafiki wa zamani wa familia anayejua kila kitu na hana haraka. Anamwambia kijana waziwazi kwamba hatamkamata kwanza. Atamuacha azunguke. Atakuja mwenyewe. (Baur mwenyewe aliishia pabaya. Wajerumani walipoikalia Paris, Gestapo walimkamata mwaka 1942 na kumtesa. Wakamwachia, akafa mwaka uliofuata. Ukijua hilo, ule utulivu wake kwenye muvi unakugusa tofauti.)

Sasa sisi tunadhani tuna Porfiri. Tunadhani ni sisi wenyewe, watu wa komenti. Tunasema mtandao hausahau. Jamani, mtandao wetu unasahau kabla bando halijaisha! Tunamsulubu staa Jumanne, Ijumaa tunamuomba atuimbie. Porfiri alikaa na jambo moja, na mtu mmoja, mpaka mwisho. Sisi tuna mambo arobaini kwa siku na hatumalizi hata moja. Mastaa wameshajua. Menejimenti inamwambia tulia siku tano, usijibu, kutatokea lingine. Na kweli linatokea, na mara nyingine wanalitengeneza wao.

Na yakizidi kabisa, kuna msamaha wa laivu. Mnaujua. Nguo nyeupe, hakuna vipodozi, taa inatoka pembeni, na sentensi inaanza na kama: kama kuna mtu nimemkwaza. Kama! Ebu linganisheni na anachoambiwa Raskolnikov. Kuna binti anaitwa Sonia, anajiuza ili watoto wa mama yake wa kambo wale, na ndiye mtu wa kwanza anayeambiwa siri. (Hilo nalo lina makala yake. Kwenye hadithi nzima yenye wasomi, mabwana wenye hela na askari, mwenye msimamo ni binti ambaye komenti zenu zingemtoa roho.) Kwenye kitabu Sonia hamwambii akatubu chumbani. Anamwambia nenda kasimame njia panda, piga magoti, busu ardhi uliyoichafua, uinamie pande zote nne, useme kwa sauti watu wote wasikie: nimeua.

Na kijana anakwenda. Wapi? Sokoni. Petersburg walikuwa na soko lao la Sennaya, lilikuwa la kuuzia nyasi za farasi, likajaa wachuuzi, walevi, vibarua, mafundi viatu, watu wa nguo za mitumba. Kariakoo yao kabisa. Ndilo lile alilosikia habari za Lizaveta. Anapiga magoti katikati ya umati, anabusu ardhi. Na watu wanacheka. Wanasema kalewa huyu. Maneno ya kukiri yanamkwama kooni, hayatoki. Anainuka, anakwenda kituo cha polisi, na huko ndiko anayasema. Kifungo miaka minane, Siberia.

Fikirieni yule wa kochi jeupe. Siombi afungwe. Naomba aje Gerezani, asimame pale kwenye kelele za nyundo, aseme: nilichukua kiasi fulani, nilisema nakopa hapo, sijawahi kukopa hapo. Sentensi tatu. Watu watamcheka, kweli. Watamrekodi. Lakini fundi wangu, ambaye yule mteja wa Buguruni hajarudi mpaka leo, angekuwa na kitu cha kuwaonyesha watu.

Kuna atakayesema hii ni stori ya Wazungu wa zamani, baridi na makoti, inatuhusu nini. Wafaransa wenyewe hawakuona hivyo. Mwaka 1956 waliirudia hadithi hiyohiyo, safari hii Georges Lampin akaongoza, Urusi wakaitupa kando, mambo yote yakatokea Paris ya siku zao. Jean Gabin akawa mpelelezi, Robert Hossein kijana, Marina Vlady binti. Haikudai ruhusa ya Tsar. Ukishaweza kuitoa Petersburg ukaiweka Paris, kuitoa Paris ukaiweka mitaa yetu ni suala la nauli tu. Ngazi za maghorofa yetu ya kupangisha zina giza kuliko zile walizozijenga studio, na zile za studio wamezipinda makusudi ili utishike.

Na wala hatuhitaji kusubiri prodyuza. Sisi tuna fani yetu. Vijana wadogo mnawajua watafsiri wa sasa, lakini wakubwa wanamkumbuka Lufufu, sauti iliyotuleteea Titanic vibanda umiza tukaelewa kila kitu, mpaka ambayo hayakuwemo. Ile kazi ya kuchukua muvi ya watu, kusimama juu yake, kueleza, kutania, kumkemea mhusika kwa niaba ya watazamaji, hakuna duniani anayetufundisha. Leo watafsiri wanapewa za Kikorea na za kupigana, hizohizo, kwa sababu ndizo zinazouza. Mimi nasema apewe mmoja hii ya 1935. Ina muuaji, ina mpelelezi, ina mkopo, ina dada anaitwa Dunia. Bibi akisema asilimia kumi, kibanda kizima kitajibu.

Kwa hiyo kule chini msinitajie mastaa, nitawafuta. Nitajieni sauti. Raskolnikov namtaka mtu wa haraka haraka, mwenye pumzi fupi. Aliona ni mama yeyote aliyewahi kukusanya marejesho, hata mafunzo hahitaji. Tatizo langu ni Porfiri. Namtaka mtu mzima, sauti ya chini, anayeweza kukaa kimya sekunde tano bila kuogopa kwamba watazamaji watatoka. Mnaomjua, leteni namba yake. Muulizeni kwanza kama ameridhia mnipe.